Mwacheni Biharusi Amalize Hesabu Zake



Dada zetu, biharusi watarajiwa, mama zetu, na nyinyi masomo mnaotufunda: leo hatuzungumzii singo, hina wala rangi ya gauni la akdi. Tunazungumzia kitu kinachotokea kabla ya hayo yote na ambacho hakipigwi picha. Tunazungumzia msichana anayeambiwa aache chuo kwa sababu posa imekuja.

Sisi tunaoandika ni wanafunzi wa uhasibu na fedha. Tumepanga vyumba Ruhuwiko, Manispaa ya Songea, upande ule wa uwanja wa ndege. Wengine wetu tumetoka Unguja, wengine Pemba, mmoja Mafia, na wawili ni wenyeji wa Tunduru. Wawili kati yetu wameshaolewa, na wengine posa zao ziko mezani kwa wazee. Kwa hiyo asije mtu akasema hawa ni wasichana walioshindwa kuolewa ndiyo maana wanapiga kelele. Sisi si maadui wa ndoa. Ndoa ni sunna na tunaitaka. Tunachokikataa ni ile desturi ya kuifanya ndoa iwe panga la kukatia masomo ya mwanamke, halafu desturi hiyo ikavishwa kanzu na kuitwa dini.

Kila mwaka Ramadhani ikikaribia, watu wakawa wanawahi kuozesha ndani ya Shaabani, simu zinaanza kupigwa. "Mwanangu, umepata mchumba mzuri, mtu wa dini, ana kazi yake. Rudi." Ukiuliza masomo je, jibu ni hilohilo: "Masomo utamaliza huko huko kwa mumeo, insha Allah." Neno tukufu la insha Allah, linalotamkwa na mtu mwenye nia, hapa hutumiwa na watu ambao nia hiyo hawana. Mwaka huu kitanda kimoja chumbani kwetu ni kitupu. Mwenzetu aliondoka akiwa amemaliza mihula minne. Shahada yetu ina mihula sita. Sita ukitoa nne ni miwili, ambayo ni miezi isiyofika kumi ya masomo. Hiyo ndiyo miezi ambayo ndoa eti haikuweza kuisubiri.

Tuzijibu sababu wanazozitoa, moja baada ya moja, maana tumezisikia zote.

Ati Songea ni mbali

Kweli ni mbali. Ukishuka boti Dar es Salaam bado una safari ya basi ya karibu kilomita elfu moja: Morogoro, Iringa, Makambako, Njombe, ndipo Songea. Kuna baridi ya mwezi wa sita na wa saba ambayo mtu wa pwani haijui. Tulifika na baibui jepesi tukajikuta tunanunua masweta ya mtumba. Chakula ni ugali na maharage, na siku nzuri kuna dagaa wa Ziwa Nyasa. Hatujafa.

Wengine wanasema huku hakuna Waislamu, mtoto atapotea. Hao hawajawahi kuuliza habari za Tunduru, wilaya ya mkoa huuhuu wa Ruvuma, ambako Wayao wengi ni Waislamu tangu enzi za mababu zao. Wenzetu wawili wa Tunduru wanasoma Qur'ani kwa tajwidi kutushinda sisi wa visiwani. Na wenyeji Wakristo tunaoishi nao, mama mwenye nyumba wetu akiwa wa kwanza, wakati wa Ramadhani ndio wanaotukumbusha kuwa jua limezama.

Suala la mahram hatulikanyagi. Tunaijua hadithi na tunajua masheikh wamelizungumza kwa urefu: safari ikoje, njia ina amani au haina, mwanamke yuko na nani. Ndiyo maana chuo kikifunguliwa baba au kaka anatuleta, kikifungwa tunasafiri pamoja, na tunakaa wasichana watupu katika nyumba moja. Mzazi ambaye khofu yake ni hii, tunamheshimu. Aende kwa sheikh wake aulize, na sisi tutasikiliza.

Lakini tuna swali. Familia ngapi visiwani, ambazo kwao Songea ni mbali mno kwa binti kwenda kusoma, zimempakia binti huyohuyo ndege akafanye kazi za ndani Muscat, peke yake, kwenye nyumba ya watu asiowajua? Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Tanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu: wanaonyang'anywa pasi za kusafiria, wanaofanya kazi saa nyingi bila mapumziko, wanaonyimwa mishahara, na wengine wanaopigwa na kudhalilishwa. Kwa wasichana hao hakuna aliyetaja kilomita. Hatuwalaumu waliokwenda, wamebeba familia zao mgongoni. Tunawalaumu wanaoukumbuka umbali pale tu binti anaposhika kalamu.

Na hoja ya umbali inaanguka kabisa ukiangalia nyumbani. Unguja kuna Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Kuna Chuo Kikuu cha Zanzibar, Tunguu, kilichoanza mwaka 1998. Uhasibu unafundishwa hukohuko, msichana analala kwao na anakula kwa mama yake. Je, wa Tunguu hawaachishwi? Tunao rafiki zetu walioachishwa wakiwa mwendo wa daladala moja kutoka nyumbani. Tatizo basi haliko barabarani. Liko kwenye fikra kwamba masomo ya mwanamke ni kitu cha kujishughulisha nacho wakati anamsubiri mume, na mume akija kazi ya masomo imekwisha.

Ati uhasibu ni riba

Hii ndiyo hoja nzito na tunaitendea haki. Imam Muslim amepokea hadithi kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) alimlaani mla riba, anayeilisha, anayeiandika na mashahidi wake wawili. Mwandishi ametajwa. Msichana mcha Mungu anayesoma uhasibu lazima hadithi hii imtetemeshe, na sisi inatutetemesha.

Lakini tuulize uhasibu ni nini. Ni elimu ya kuandika mali na deni kwa uadilifu. Somo la kwanza kabisa tulilofundishwa ni kwamba kila muamala una pande mbili: kilichoingia na kilichotoka, debiti na krediti, na mwisho pande hizo lazima zilingane. Ukifika kwenye urari pande zikikataa kulingana, kuna mtu amekosea au kuna mtu ameiba, na hulali mpaka ujue ni lipi kati ya hayo.

Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu nini? Si swala, si saumu, si hija. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, na inahusu kuandika deni: liandikwe likiwa dogo au kubwa, litajwe muda wake, mwandishi aandike kwa haki na asikatae kuandika, mashahidi wawepo, na mwenye deni ndiye aamlishe maneno. Mola wetu ametumia aya ndefu kuliko zote kuwafundisha waja wake kutunza daftari, halafu mtu anatuambia kutunza daftari ni shughuli isiyomhusu mwanamke wa Kiislamu!

Mhasibu si lazima aende kuandika riba. Hospitali ina mhasibu. Skuli ina mhasibu, na kadhalika manispaa, mamlaka ya maji, mwenye hoteli Nungwi na mwenye duka la jumla Darajani. Hapa Ruvuma mahindi, kahawa ya Mbinga, korosho na ufuta wa Tunduru vinapita kwenye vyama vya ushirika, na mkulima ambaye mzigo wake uko ghalani analipwa kwa mujibu wa karatasi. Karatasi ikiandikwa vibaya, mkulima amedhulumiwa. Anayeiandika sawasawa amezuia dhulma, na kuzuia dhulma ni ibada.

Na kama kweli tunaichukia riba, nani atakayesimamisha njia mbadala? Amana Bank ilifungua milango mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya sharia. Benki ya Watu wa Zanzibar nayo ina huduma zake za Kiislamu, na benki nyingine zimefungua madirisha ya aina hiyo. Hizi zote hazisimami kwa dua peke yake. Katika mudaraba mmoja anatoa mtaji, mwingine anatoa kazi, na faida wanagawana kwa fungu walilokubaliana. Faida hiyo ni kiasi gani? Ni kile kitakachosemwa na daftari. Daftari likidanganya, mudaraba imekuwa wizi wenye jina la Kiarabu. Katika murabaha benki inanunua bidhaa kwanza, inaimiliki, kisha inakuuzia kwa faida uliyoambiwa wazi. Ni nani atakayethibitisha kuwa bidhaa ilinunuliwa kweli, kwamba hayakupelekwa makaratasi matupu? Mkaguzi wa hesabu. Bahrain kuna taasisi iitwayo AAOIFI iliyosajiliwa mwaka 1991, na kazi yake ni kutunga viwango vya uhasibu na ukaguzi kwa taasisi za fedha za Kiislamu. Wenzetu wameshaona kuwa fikhi bila hesabu haifiki sokoni.

Darasani tunafundishwa kukokotoa riba, ni kweli. Daktari naye anafundishwa sumu. Asiyeijua sumu atainywa kwenye soda na aseme tamu. Wangapi kati ya mama zetu wamesaini mikopo ya vikundi bila kujua kiasi watakachorudisha mwisho wa safari? Msichana aliyesoma mwaka mmoja tu wa fedha angeisoma ile fomu na kumwambia mama yake: usitie dole gumba hapa.

Ati mwanamke hesabu za nini, mume atamtunza

Tunawaomba wazee wetu wavumilie hapa, maana hapa ndipo penye machozi.

Tuchukue mfano. Bwana mwenye duka amefariki, Allah amrehemu, ameacha mke na watoto. Dukani mna mali ya shilingi milioni 40. Watu wanamdai marehemu milioni 12, na yeye anawadai watu milioni 6. Tuweke kando gharama za mazishi na wasia ili hesabu iwe nyepesi. Mali ni 40, ongeza 6, toa 12, inabaki milioni 34. Mke mwenye watoto ana thumni, yaani fungu moja la nane. Haki yake ni shilingi 4,250,000.

Sasa njoo kwenye maisha tunayoyajua. Anayekaa na funguo za duka ni shemeji. Anasema mali iliyomo ni milioni 30 tu. Waliokuwa wakidaiwa na marehemu hawatajwi, kwa kuwa hawakuandikwa popote. Madeni yameongezeka ghafla yamefika milioni 22, na karatasi hakuna. Inabaki milioni 8. Thumni yake ni milioni moja. Kadhi atagawa kwa haki kabisa, fungu la nane bila kupunguza hata senti, na mjane bado atakuwa amedhulumiwa milioni tatu na robo. Sharia haikukosea hata kidogo. Dhulma ilifanyika kabla jambo halijafika kwa kadhi au Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, ilifanyika mahali ambapo tarakimu zilitungwa.

Thumni ya nini? Hilo ndilo swali ambalo mjane wetu hajui kuliuliza. Mwenyezi Mungu amempa fungu lake katika Suratun Nisaa, hakuna mwanamme awezaye kulifuta. Lakini fungu ni sehemu ya kitu, na kile kitu kizima kinapimwa kwa daftari. Mwanamke asiyejua kusoma daftari anapewa haki yake kamili ya mali iliyokwisha liwa.

Na si kifo tu. Suratun Nisaa hiyohiyo imesema mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, na kwamba wanawake wana fungu katika walichokichuma. Dini imemtambua kuwa mwenye mali. Mwenye mali ana zaka: nisabu ya dhahabu ni gramu 85, na kinachotolewa ni fungu moja la arubaini. Biharusi aliyepewa dhahabu kwenye harusi, aliyeanza biashara ya maabaya kwenye simu, ataihesabu vipi zaka yake ikiwa hajui kutofautisha mtaji na faida, wala stoo yake ina thamani gani mwaka unapotimia? Au zaka nayo atafanyiwa na mumewe kwa kukisia?

Bibi Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara kabla hajaolewa na Mtume wetu (S.A.W.). Aliajiri watu wakasafiri na mali yake mpaka Sham, wakirudi anajua kilichotoka na kilichorudi. Uaminifu wa Mtume katika biashara aliujua kwa kuona hesabu zake zikinyooka. Tunampenda Bibi Khadija, tunawaita watoto wetu kwa jina lake, tunamtaja kwenye kila mawaidha ya harusi. Lakini tunamtaja kwa subira yake tu. Akili yake ya biashara tunairuka.

Wala wenye mfano si wa zamani tu. Dk. Saada Mkuya Salum, Mzanzibari, mwaka 2014 alikuwa Waziri wa Fedha wa Jamhuri ya Muungano, na baadaye akashika wizara ya fedha ya Zanzibar. Rais Samia Suluhu Hassan, mtoto wa Kizimkazi, aliolewa mwaka 1978, na mwaka 1986 akahitimu stashahada ya juu ya utawala Mzumbe, Morogoro, ng'ambo ya bahari, akiwa mke wa mtu. Siasa mtajuana wenyewe. Sisi tunaonesha kitu kimoja tu: aliolewa, akavuka maji, akasoma, akamaliza, na nyumba yake haikuanguka.

Tufanye hesabu ya harusi

Wanatuambia ada ni kubwa, bora fedha ziende kwenye shughuli. Haya, chukueni kalamu. Ada ya shahada ya uhasibu katika vyuo vya umma inapita milioni moja kwa mwaka. Weka na kodi ya chumba, chakula na nauli. Ni fedha nyingi, hatukatai, na baba zetu wanauza karafuu na viwanja kuzipata.

Upande wa pili wa daftari andikeni ukumbi, mapambo ya jukwaa, mpiga video, gauni la kukodi kwa usiku mmoja, sare ya singo, sare ya akdi, sare ya kumtoa mwali, msanii wa hina, keki ya ngazi nne, na gari ya kukodi yenye maua. Msitumie bei zetu, tumieni bei za harusi ya mwisho mliyochangia. Jumlisheni. Kisha gawanyeni kwa ada ya mwaka mmoja. Mkipata jibu, msituambie sisi, mwambieni binti yenu kwa nini hakumaliza.

Na lipo deni ambalo halitajwi siku ya posa. Wengi wetu tunasoma kwa mkopo, wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu au ile ya Zanzibar. Mkopo haufutwi na akdi. Aliyeacha chuo mwaka wa pili anadaiwa fedha alizozitumia sawa na aliyemaliza, ila aliyemaliza ana shahada ya kutafutia kazi ya kulipia. Kwa mwajiriwa, Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara. Asiye na mshahara atakatwa wapi? Sote tunajua dini inavyolichukulia deni, hata kwa maiti. Kumtoa binti chuoni ni kumkabidhi kwa mumewe akiwa na deni bila chombo cha kulipia. Mnampa mwanao sanduku la nguo na deni lililofichwa chini yake.

Tunachotaka

Lawama bila dawa ni kelele tu, kwa hiyo tunasema wazi.

Kwa baba zetu na mawalii: posa ikija, jibu lenu liwe na tarehe. "Tumekubali, na mtoto anamaliza mwezi wa saba mwaka kesho." Mwanamme anayeshindwa kusubiri mihula miwili, mtamuaminije kwa miaka arubaini? Sheria ya Bara, tangu marekebisho ya mwaka 2016, inamtishia miaka 30 jela anayemuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari. Binti wa chuo hana ukuta huo, ni mtu mzima. Ukuta wake ni nyinyi.

Kwa wachumba: tunawajua wengi wenu ni watu wema. Mwenzetu mmoja alifunga akdi wakati wa likizo ndefu, wakakaa fungate, na chuo kilipofunguliwa mume mwenyewe akamleta mpaka Ruhuwiko, akamnunulia blanketi, akarudi. Mafunzo kwa vitendo mke aliyafanya Unguja akiwa nyumbani kwake. Mwingine alinyonyesha mwaka wa tatu huku dada wa mumewe akimshikia mtoto wakati wa mitihani, na alifaulu. Njia ipo kwa anayeitaka.

Kwa biharusi watarajiwa: usiridhike na ahadi ya mdomoni iliyotolewa kwenye simu usiku. Lizungumzeni jambo hili kabla ya akdi, mbele ya wazee, na liandikwe: atamaliza lini, ada analipa nani, atakaa wapi wakati wa masomo. Masheikh wana maelezo yao juu ya nguvu ya masharti ndani ya ndoa, na ni vyema kuwauliza. Lakini hakuna sheikh atakayekwambia Muislamu anaruhusiwa kuvunja ahadi kwa kuwa tu ameshapata alichokitaka. Kama deni la shilingi elfu kumi linaandikwa, vipi maisha yako yasiandikwe?

Kwa masomo na makungwi: mnatufunda kupika, kujifukiza, kujipamba na kuzungumza na mume kwa adabu. Allah awalipe. Ongezeni somo moja. Mfundisheni mwali aandike kinachoingia na kinachotoka nyumbani, ajue mahari yake iko wapi, na asitie saini karatasi asiyoisoma.

Kwa maimamu na maustadhi: semeni kwenye hutuba ya Ijumaa kile mnachokijua, kwamba kumsomesha binti hakumpunguzii mtu dini. Wazee wanawasikiliza nyinyi. Sisi wanatuita watoto.

Na kwa wasichana wenzetu mnaosita kuchagua uhasibu kwa kuogopa hesabu: si uchawi. Ni kujumlisha, kutoa, subira na uaminifu. Ukimaliza shahada, mlango wa mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu uko wazi, inafanyika Mei na Novemba kila mwaka, na unaweza kuisomea ukiwa nyumbani kwako na mume na watoto, sehemu moja baada ya nyingine. Cheti hicho hakiulizi umeolewa au hujaolewa.

Kwa yule mwenzetu aliyeacha kitanda: madaftari yako tumeyatunza. Zungumza na mumeo, zungumza na baba, muulize chuo kuhusu kurudi kabla muda haujakupita. Mihula miwili tu, shoga yetu. Hapa baridi imeanza, njoo na sweta.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.